Macho Yasiyosoma

Mume wangu Vénant anachora vibao vya maduka hapa Nakivale, na rangi zake anazitunza katika makopo ya kuokota. Kopo limeandikwa nyekundu, ndani kuna bluu. Nimepaka kila kifuniko rangi iliyomo, lakini wapi! Akiwa na haraka jicho linakimbilia maandishi, mkono unafuata. Mlango wa kanisa ulitakiwa bluu. Aliuanza kwa mistari mitatu myekundu, padri amesimama pale anatazama.

Mimi sikusoma hata darasa moja. Nilikuwa naangalia kifuniko, nampa kopo, basi. Kwa hiyo kila nilipomwomba niende darasa la watu wazima, asubuhi pale parokiani, jibu lilikuwa lile lile: kazi ni mingi, Mama Inès, ngoja kidogo. Miaka minne nangoja kidogo! Iliniuma mpaka nikagombana na sufuria.

Mwaka jana Vénant akasikia kwamba Nyamityobora, kule Mbarara, kuna mwanafunzi wa mambo ya akili, Resty, anatafuta watu wa kujaribiwa mambo ya rangi na maandishi. Tukaenda wote wawili. Resty akamwonyesha majina ya rangi yaliyoandikwa kwa wino wa rangi nyingine, ataje wino tu, asisome. Vénant akababaika mpaka jasho likamtoka. Kisha Resty akamtuliza kwa sauti ya polepole hadi akalegea, akamwambia kwamba akisikia makofi, maandishi yatakuwa mikwaruzo isiyo na maana. Makofi yakapigwa, Vénant akataja rangi bila kukwama. Alipoambiwa imekwisha, akarudia kubabaika.

Nikajaribiwa na mimi. Sikukosea hata moja.

"Mama, wewe uko na bahati," Resty akasema. "Baki hivyo hivyo."

Nilitaka kumrushia kiti. Mwenzangu anatolewa herufi machoni, mimi naambiwa nishukuru kwamba hazijawahi kuingia! Njiani Vénant akalirudia hilo neno la bahati mara mbili. Jumatatu nilimwachia makopo yake nikaenda darasani, na kila asubuhi iliyofuata, anune asinune.

Baada ya miezi mitano, alasiri moja, alikuwa juu ya ngazi akaniomba bluu upesi. Nikanyakua kopo, nikalifunua, nikampa. Akachovya brashi, akasimama.

"Mama Inès, hii ni nyekundu. Kifuniko hukukiona?"

Nilikuwa nacho mkononi, chekundu kabisa. Nikatazama ubavuni mwa kopo: BLUU. Nilikuwa nimesoma kabla sijajua kwamba nasoma. Nikakaa pale pale vumbini nikalia, na yeye kule juu akidhani nalilia rangi.