Chupa za Mama Musau

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Ndunge alishuka mtoni kuteka maji ya chupa moja. Akirudi nyumbani aliiziba kwa kipande cha gunzi, akaandika tarehe kwa penseli kwenye karatasi, akaibandika kwa uji wa jana. Kisha aliipanga chupa chini kando ya ukuta, nyuma ya zile za siku zilizotangulia. Hapo ndipo siku yake ilipoanza.

Shamba lake lilikuwa upande wa mashariki wa Thika, pale mto unapopita baada ya kutoka mjini. Upande wa juu wa mto kulijengwa kiwanda cha ngozi, na tangu mwaka wa tisini na nne maji yalikuja na rangi ya chai ya rangi, yamebeba povu na nywele za ng'ombe. Ng'ombe wake wawili walikufa mwaka huo mmoja. Sukuma wiki ilianza kukauka kingoni, majani yakawa manjano, na sokoni wateja walinusa mafungu kabla ya kuuliza bei. Mumewe, Nzioki, alivumilia misimu mitatu. Mwishowe alikwenda kukodi chumba Mwihoko, akawa anabeba mawe kwenye mijengo. Alimwachia neno moja tu: kesi ya kiwanda ikianguka, uza shamba uje.

Kesi yenyewe ilichelewa kuzaliwa. Chifu alisema mto ni wa serikali, kwa hivyo Ndunge hana la kulalamikia. Afisa wa afya alikuja mara moja, akaandika kwenye daftari, hakuonekana tena. Ni watu wa kanisa waliompeleka kwa wakili Gathogo huko Ruiru, katika ofisi iliyokuwa juu ya duka la magodoro.

Ofisini humo alifanya kazi Muna, binti wa Swaleh muuza vitambaa wa Thika. Alikuwa amemaliza shahada ya sheria mwaka uliopita. Vifungu alivijua kwa kichwa, lakini mbele ya watu wawili sauti yake ilipotea. Maswali yote alimwachia Gathogo, na Gathogo aliuliza yale anayojua hakimu atayataka: ng'ombe wangapi, ekari ngapi, mboga gani. Muna alipewa kazi moja tu, kumweleza Ndunge jinsi ya kukusanya ushahidi.

"Teka kila siku, Mama Musau," alimwambia, macho yakiwa chini. "Chupa iwe safi. Na uandike tarehe."

Hakusema zaidi ya hapo.

Kila Ijumaa ya pili Muna alikuja na katoni kuchukua chupa. Kila mara alikuta kitambaa cheupe kimeanikwa kambani, na kila mara Ndunge alimkalisha kwanza.

"Kunywa chai, mwanangu. Umekonda kama kalamu. Hizo vitabu hazikupi chakula?"

Jirani yake, Selpha, alikuwa akichungulia juu ya ua. "Mama Chupa! Leo umetuwekea soda?"

"Ni soda ya mkubwa wa kiwanda. Onja wewe kwanza, nikuone kama utapona."

"Ala! Mimi bado nina watoto wa kulea!"

Wakacheka wote, Muna akiwemo, kikombe mkononi.

Kesi ilisikizwa Juni mwaka wa tisini na sita. Walichoomba kilikuwa kimoja, kiwanda kizuiwe kumwaga taka mtoni. Chupa mia moja na kumi na mbili zilipangwa sakafuni, mbele ya meza ya hakimu. Wakili wa kiwanda, mtu mpole mwenye tai ya kijani, alisimama.

"Mama, haya maji yalitoka mtoni yakaingia kwa chupa moja kwa moja?"

"Ndiyo," Ndunge alijibu. "Lakini niliyachuja."

Gathogo aliinua kichwa.

"Uliyachuja?"

"Kwa kitambaa. Safi kabisa, nafua kila siku."

"Na kwa nini ukayachuja, Mama?"

Ndunge alimtazama kana kwamba ameuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Si niliambiwa ni ya mahakama? Huyu mheshimiwa ni mtu mkubwa. Nimletee maji iko na nywele ya ng'ombe ndani? Mimi nililelewa."

Watu walicheka. Hata karani alifunika mdomo. Wakili wa kiwanda hakucheka. Alisema kwa upole kwamba basi maji hayo si ya mto tena, yamepita kwenye nguo ambayo mahakama haiijui, iliyofuliwa kwa sabuni isiyojulikana. Hakimu alikubali. Chupa zikakataliwa, na bila chupa hakukuwa na kitu. Kabla ya saa sita ombi lilikuwa limetupwa.

"Ngai, Mama!" Gathogo alipiga paja walipofika nje. "Nani alikuambia uchuje?"

"Na nani aliniambia nisichuje?"

Muna aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vimejaa vumbi, akaendelea kuviangalia.

Wiki mbili baadaye alitumwa peke yake, akiwa na karatasi za kufunga faili. Rufaa ingehitaji ushahidi mwingine, na ushahidi mwingine ungehitaji miezi, na mtu wa kununua shamba alikuwa anakuja Jumatatu. Ndunge alitia sahihi polepole, herufi moja baada ya nyingine. Kando ya ukuta palibaki duara nyingi za vumbi mahali chupa zilipokuwa. Selpha hakuchungulia.

"Kaa basi," Ndunge alisema. "Hata kama ni mwisho, hutatoka bila chai."

Muna alikaa, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa hadi nusu. Mlango ulikuwa wazi. Huko nje, kambani, kitambaa cheupe kilikuwa kimeanikwa. Kilikuwa kibichi, maji yakidondoka bado, na chini yake udongo ulikuwa umegeuka kahawia. Kesi ilikuwa imekwisha wiki mbili zilizopita. Hakukuwa tena na chupa ya kujaza.

Muna alikitazama kikombe. Muda wote wa kesi hiyo hakuwa amemuuliza mama huyu swali lake mwenyewe hata moja.

"Mama Musau," alisema, "maji ya kunywa mnatoa wapi?"

"Huko tu mtoni," Ndunge alijibu. "Lakini nayachuja."