Sukari Katika Wanzuki ya Mama

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada, ya usindikaji wa vyakula, na karo nilijilipia mwenyewe kwa kupakia tumbaku kwenye malori. Nilifanya kazi ya mvinyo Dodoma, nikarudi Tabora, nikajenga. Anayeona najisifu aje aonje ninachotengeneza.

Mama alifariki akiwa ameacha pombe yake ya wanzuki ikichacha kwenye pipa, maji na asali ya Ipole tu. Baada ya maziko ndugu walikubaliana kwamba itanywewa siku ya kuanua matanga, na kata moja itamiminwa kaburini. Nani aimalizie? Wote walinigeukia mimi.

Niliihamishia kwenye dumu, mashapo nikayaacha kwenye kitako cha pipa. Nikaziba mdomo wa dumu na kupitisha mpira mwembamba hadi kwenye chupa ya maji. Mapovu yakaanza kupanda ndani ya chupa, moja, kimya, jingine. Dumu nililiweka chumbani kwa mama. Ukipita nje ya mlango ungedhani kuna mtu amelala humo.

Baada ya muda mapovu yakapungua. Ni kawaida, chachu ilikuwa imemaliza utamu. Hapo mtengenezaji huamua, aiache au aongeze. Nilichemsha sukari ya dukani, nikaipoza, nikaongeza. Dumu likapumua. Liliponyamaza, nikaongeza tena. Na tena.

Mama mdogo alinikuta na sufuria mkononi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Hee, mtaalamu! Unalea mtoto mchanga humo?"

"Naiongezea nguvu."

"Nguvu ya kutuangusha wote tumfuate dada?" Akacheka. Kisha akasikia lile povu, kicheko kikamkauka. "Mwanangu, siku ikifika utaliacha linyamaze?"

"Nitaliacha."

Asubuhi ya siku yenyewe nilionja kabla ya wote. Ulimi wangu umefundishwa, haudanganyiki. Nilitafuta moshi wa mzinga, sikuupata. Nilitafuta ule uchungu mdogo unaobaki kooni, ambao ulikuwa wake peke yake, sikuupata. Ilikuwa kali, safi, kazi ya kuuzika popote. Mama hakuwemo. Nilikuwa nimemlisha mpaka nikamwondoa.

Uani watu walikunywa. "Huu ndio mkono wake!" mzee mmoja alisema, na wanawake wakalia. Mama mdogo alikumbatia kikombe chake kwa mikono miwili. Sikumwambia mtu.

Kaburini mama mdogo alinipa kata. "Mwambie ni yake, ile aliyoiacha mwenyewe."

Nilisimama nayo. Watu walisubiri.

"Mama," nikasema, "ni yako."

Nikamimina. Udongo ukatoa povu, ukaendelea kutoa povu, na mama mdogo akainama kusikiliza.