Rula na Mtumishi Mwaminifu

Mtaa mzima ulimwita Rula, kwa kuwa alishona sare za shule na hakupindapinda maneno. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mume kinyozi, na aibu moja: alikuwa amefeli fasihi mara mbili. Kinaya ndicho kilichomwangusha. Akianguka tena kwenye jaribio la Ijumaa, mwalimu wa darasa la watu wazima hatamsajili kwa mtihani wa mwisho, na cheti atakisikia kwa wenzake tu.

Katika tamthilia waliyosoma, mtumishi anawaambia wageni, "Bwana wangu hajasema uongo tangu azaliwe," na huku bwana mwenyewe kajificha chini ya meza, miguu nje. Eleza kinaya, swali la zoezi lilisema. Rula aliandika: "Hakuna kinaya. Mtumishi ana adabu. Kasoro ni ya meza." Akapata sifuri ya duara kabisa.

Nyumbani kinyozi alijaribu kumsaidia. Alichokonoa wali ulioungua ukawa kama makaa, akasema, "Mke wangu, leo wali umeiva barabara."

"Asante."

"Namaanisha kinyume!"

"Basi sema unachomaanisha, mume mzima wewe!"

Jumanne karani wa mahakama aliingia kwenye duka la ushonaji la Rula na suruali yake mpya mwilini. Mguu mmoja ulifika kwenye kiatu. Wa pili ulikomea chini kidogo ya goti. Aliyeikata ni mdogo wake Rula, mama wa watoto wanne, mkono kwenye mkasi na mdomo kwenye harusi ya jirani.

"Hongereni," karani alisema. "Mna fundi stadi hapa!"

"Asante, kaka."

Karani akainua goti. "Dada, hii unaiona?"

Rula aliiona. Aliona pia pazia la kupimia nguo, na chini yake vidole vya miguu ya mdogo wake vikichungulia.

"Mdogo wangu," akatamka kama anayekula kiapo, "hajakosea kipimo tangu azaliwe."

Akatazama goti. Akatazama vidole. Akaketi ghafla juu ya pini, akaruka.

"Mungu wangu! Kumbe mtumishi anajua!"

"Mtumishi gani tena?"

"Anajua bwana yuko chini ya meza! Anamfichia tu!" Akalivuta pazia. "Toka huko, we! Kaka, nimekudanganya, unisamehe. Kakosea, na suruali nyingine naikata mimi mwenyewe."

Ijumaa swali la mtumishi lilirudi, naye akajaza kurasa tatu. "Mtumishi anasema hili, sisi tunaona lile, na hapo ndipo penye kinaya. Anampenda bwana wake, ndiyo maana anamfichia. Lakini uongo ni uongo, hata ukisemwa kwa mapenzi. Angemwambia atoke. Mimi nimejaribu, na aliyetoka hakufa."

Mwalimu alimpa nane kwa kumi, akamsajili, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: "Kazi nzuri sana!"

Rula alifika hadi getini, akarudi amekunja uso, karatasi mkononi.

"Samahani, mwalimu. Hapa umesema kweli, au bado tuko kwenye somo?"