Nilikataa kwa adabu kwenye uchaguzi wa bodi ya shule Joburg, wakaandika kweli nimekataa

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Miaka yote humu nasoma tu na kupita kimya, leo nashusha langu. Hii siyo chai. Mwenye kubisha aje Joburg nimpeleke shuleni akaone kwa macho yake.

Mimi ni mtu wa Tanga, nauza vitambaa Fordsburg. Mwaka 2017 tulihama Jeppestown, mimi, mke wangu na binti yetu Neema, tukaenda mtaa mpya pembezoni mwa jiji.

Mtaa unakua balaa. Leo unaona uwanja wa nyasi, baada ya miezi miwili kuna nyumba, kiduka cha spaza cha kuuza mkate na foleni kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku.

Shule ya serikali ni moja tu. Watoto walijaa hadi wengine wakasomea kwenye makontena.

2018 ikaja barua. Madarasa hayatoshi, huenda la kwanza mpaka la tatu wakahamishiwa shifti ya mchana, watoke saa kumi na moja jioni. Neema alikuwa la tatu.

Wakuu, mimi na mke wangu tunatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto wa miaka minane ashinde peke yake, halafu arudi peke yake giza la baridi likiingia? Joburg hii? Tukakubaliana shifti ikipita, Neema anarudi Tanga kwa bibi yake. Siku hiyo mke wangu hakula.

Barua ilisema uamuzi ni wa bodi ya shule, na bodi mpya inachaguliwa Jumamosi. Nikaenda kinyonge. Nilishazoea vikao vya wazazi: unasaini, unaambiwa kilichokwisha kuamuliwa, unanywa soda, unaondoka.

Mlangoni nikapigwa na butwaa. Kuna daftari la wapiga kura na jina langu limo. Mimi, mgeni wa permit! Dada wa mezani akaangalia paspoti, akaweka tiki, akanipa karatasi ya kura.

Ndani ndiyo nikachoka kabisa. Mwalimu mkuu kakaa pembeni. Msimamizi ni mwalimu mkuu wa shule nyingine, kwa kuwa sheria haimruhusu mtu kusimamia uchaguzi wa shule yake. Na kwenye bodi, wazazi lazima wawazidi walimu na wafanyakazi wote kwa mtu mmoja. Nilirudia kuuliza, nikadhani sijasikia vizuri.

Yakaanza majina. Jirani yangu Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Bukavu, akanitaja mimi. Bibi mmoja Mzulu akaunga mkono.

Sasa wakuu, mnajua kwetu. Ukitajwa cheo hudaki juu juu kama mwenye njaa. Unakataa kwanza, watu wanakusihi, ndipo unakubali.

Nikasimama, nikashika kifua. "Jamani, nashukuru, ila wapo wenye uwezo kuliko mimi."

Msimamizi akasema, "Asante, bwana." Akakata jina langu kwa kalamu. "Anayefuata?"

Nikabaki nimesimama. Nikamwambia mimi nipo tayari. Akanijibu kwa upole kabisa, "Umesema hapana, nimeandika hapana."

"Eish, baba," bibi yule akasikitika.

Mama Furaha alinivuta shati. "Batu banakuita, na weye unakatala? Na Neema?"

Nilikuwa nimemfukuza mwanangu Joburg kwa heshima zangu. Kabla orodha haijafungwa nikanyoosha mkono, nikamtaja yeye. Bibi akaunga mkono tena. Alipoulizwa, Mama Furaha hakuzunguka: "Mimi nakubali. Andika."

Akashinda.

Kikao cha bodi kilifanyika wiki mbili baadaye, na aliyoyafanya mle ndani nilisimuliwa na mzazi mwingine wa bodi. Walimu walitaka shifti, na siwalaumu, walikuwa wameelemewa. Mama Furaha akauliza, "Ukumbi huu unatumika lini?" Mwalimu mkuu akajibu kuwa ni asubuhi ya Jumatatu na Ijumaa kwa paredi ya wanafunzi, nusu saa nusu saa.

Mama akatoa futi yake ya kupimia nguo. Akapima ukumbi mbele ya watu wazima na digrii zao, urefu, upana, kisha dawati moja. Akawaambia yanatoka madarasa manne yakitengwa kwa mbao, paredi ifanyike nje.

Wakapiga kura. Mbao zikapita kwa kura moja tu.

Kura moja, wakuu! Kiti kile kingekuwa na mtu mwingine, mwanangu angekuwa Tanga. Nilipopewa habari nilikaa chini nikalia, sioni aibu kusema.

Neema alibaki asubuhi, kwenye chumba cha mbao. Kelele za darasa la pili anazisikia, lakini yupo. Siku moja njiani tulimkuta mwalimu mkuu kasimama anamsikiliza Mama Furaha, anaandika kwenye daftari. Neema akaniuliza kwa Kiingereza, Kiswahili anaelewa ila hakisemi, "Baba, Mama Furaha ndiye bosi wa principal?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwambia, "Kwenye mambo yenu nyie watoto, ndiyo."

Nilichojifunza: kama mwanao anasoma ugenini, nenda kwenye hivyo vikao, na ukiitwa, itika. Adabu nyingine ziache nyumbani.

Mlioko nchi nyingine, huko kwenu mzazi mgeni ana kura shuleni? Nielezeni, na wa kunicheka acheke, nimestahili.