Namna ya Kulitamka Jina la Nyanya Mwenzangu

Binti yangu alipokuwa na mimba ya miezi saba, yeye na mumewe walibandika orodha ya majina kwenye mlango wa friji. Yalikuwa majina mafupi mafupi, ya aina ambayo mtu angeweza kumpa hata mbwa. Nilikuwa nimetoka shifti ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi. Nilisimama pale na miguu yangu inayouma, nikayasoma yote, kisha nikasema hapana.

"Hapana nini, Mum?" binti yangu akauliza kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, lakini kujibu hujibu kwa Kiingereza, tangu tuhamie Sydney akiwa darasa la tatu.

"Kwetu Nyeri msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake," nikamwambia. "Hilo halichaguliwi kwenye friji."

Mumewe ni kijana mrefu, mpole, aliyezaliwa hapa hapa kwa wazazi waliotoka Ayalandi. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi. "Mama yangu anaitwa Kei," alisema. "Tumwite mtoto Kei?"

Sikulipenda sana, nakiri. Lilikuwa fupi kuliko yote ya kwenye friji. Lakini desturi ni desturi, nami nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Jumamosi hiyo nilifunga chapati sita kwenye foili nikapanda treni hadi St Marys kumpelekea Kei mwenyewe habari. Alikuwa mjane, akiishi peke yake karibu na stesheni. Tulikuwa tumekutana arusini na Krismasi mbili, tukaulizana habari za afya na kusifiana chakula. Hatukuwa marafiki bado. Tulikuwa watu wawili ambao watoto wao wameoana.

Nikamweleza desturi yetu. Alikuwa akimimina chai, akaacha, akalishika birika hewani.

"Jina langu lipi?" akauliza.

"Kwani una mangapi?"

Alivuta bahasha ya bili ya stima, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa, polepole, kama mtu anayekumbuka njia: CAOIMHE.

Mimi nimefundishwa kusoma Kiswahili, na katika Kiswahili kila herufi hupewa haki yake. Nikalisoma lote, herufi kwa herufi, bila kuruka hata moja. "Ka-o-i-m-he."

Alicheka mpaka akakaa chini. Alivua miwani akapangusa macho kwa kona ya aproni, akanitazama, akacheka tena. Nami nikacheka, ingawa sikujua bado nimekosea wapi.

"Kwetu herufi hazisomwi moja moja," aliniambia alipotulia. "Zinashikana mikono. Hiyo m na h zikikutana, zinakuwa v."

"V? Kwa nini wasiandike v?"

"Muulize Mungu. Na hizo vokali tatu za katikati ni i moja tu, ndefu. Anza na k, kunja midomo kidogo kama unataka kumbusu mtoto, uende kwenye i. Halafu v. Mwisho a nyepesi."

"Kwi-va," nikasema.

Akaweka kalamu chini.

"Kwiva," nikarudia, nikidhani nimeharibu tena. "Ni kama neno letu. Kuiva. Ndizi ikiiva. Maharagwe yakiiva."

"Sema tena," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikasema tena. Akageuka, akatazama dirishani. Hapo ndipo aliponiambia kwamba mumewe alikuwa amefariki miaka minane iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amemwita kwa jina lake.

Walikuwa wamekuja kwa meli wakiwa wachanga wa ndoa, wakapokelewa kwenye hosteli ya wahamiaji kule Villawood. Wiki ya pili akapata kazi kiwandani, kushona. Msimamizi aliitazama kadi yake, akakuna kichwa, akasema yeye hana siku nzima ya kusoma jina moja, basi ataitwa Kei. Alisema bila ubaya, na wasichana wengine wakacheka bila ubaya. Jina likamfuata kiwandani, kanisani, kwa majirani, shuleni kwa watoto. Nyumbani tu, mume wake alibaki na lile la kwanza, na hata yeye mbele ya watu alisema Kei ili kuepuka maelezo.

"Sikulificha," aliniambia. "Nilichoka tu kulifundisha."

Hilo nililielewa bila kufafanuliwa. Beji yangu ya kazini ina jina langu la ubatizo. Lile alilonipa nyanya yangu hata mkuu wangu wa zamu halijui. Nikamwambia basi na yeye ajifunze kitu, nikamfundisha kusema ng'ombe. Alihangaika nayo kwa chapati mbili nzima. "N-gombe," alisema. "En-gombe." Nikamwambia aipeleke sauti puani, kama anataka kupiga chafya na ghafla hataki. Alipoipata alipiga meza kwa kiganja.

Niliporudi na ile bahasha, binti yangu aliiangalia akashika tumbo. "Mum, hakuna mtu Sydney nzima atakayeweza kuliandika hili."

"Nyanya yake aliweza."

Mumewe alichukua bahasha, akatoka nje uani. Tulimwona kupitia kioo cha mlango, amesimama kando ya kamba ya nguo, midomo inacheza. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema amekuwa akiliona jina lile kwenye hati za mama yake tangu utoto, na hajawahi kulitamka hata mara moja. Orodha ya friji iling'olewa jioni hiyo, na aliyeing'oa ni binti yangu.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane, na nywele nyingi. Nilimpigia mama yangu Nyeri nikiwa bado kwenye korido ya hospitali.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Kwiva."

"Kuiva? Kwani alikuwa mbichi?"

Nikamweleza ni jina la mama ya baba, kwamba kwao lina maana ya mtu mwanana, mwenye kupendeza. "Haya basi," mama yangu alisema. "Kama ni la nyanya yake, ndilo hilo. Mwambie huyo mama nimemsalimu." Kutoka siku hiyo analitamka vizuri kuliko sisi sote, maana hajawahi kuliona limeandikwa.

Wiki ya sita tulimpeleka kuombewa kwenye ukumbi tunamosali Jumapili. Mchungaji wetu ni Mkongomani. Mlangoni nilimpa karatasi niliyoandika KWIVA kwa herufi za kwetu, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kingemwangusha mbele ya watu. Akamwinua mtoto, akaita jina lile kwa sauti kubwa, na waumini, Wakenya kwa Wakongomani kwa Warundi, wakalirudia mara tatu. Wote walilipata mara ya kwanza. Nyanya mwenzangu alikuwa amekaa kando yangu na kofia yake ya samawati. Alinishika mkono akaubana, na hakuuachia mpaka wimbo ulipokwisha.

Baadaye alianza kuwaomba rafiki zake wamwite kwa jina lake, kwa aibu kidogo, katika umri ambao wengi hawabadilishi hata saluni. Baadhi walijitahidi. Mmoja, aliyeshona naye kiwandani, alimwambia wazi kwamba atakufa kabla hajazoea, na bado anamwita Kei, nao bado wanakunywa chai pamoja kila Jumanne.

Nyanya mwenzangu hunipigia simu siku zangu za mapumziko. "Ni Kwiva hapa," husema.

"Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa," hujibu kwa uzito wote, kisha huniuliza kama nimepata usingizi, na kama nitakuja na zile chapati.