Kikapu cha Papa kwa Wakili

Siku ile naikumbuka, mwanangu Nuru, kwa harufu ya papa mkavu. Funga hiyo kompyuta ukae hapa kwenye mkeka, mama yako mkubwa nikusimulie. Najua hutaki kusimuliwa. Unataka kulia, na haki ya kulia unayo, maana ofisi ya mawakili ya Nairobi imekukataa, nayo ndiyo uliyokuwa ukiiota tangu ulipoanza kusoma sheria. Lakini kulia ni jambo moja na kumnunia mama yako ni jambo jingine. Yuko jikoni anapepeta mchele ambao umekwisha kupepetwa. Hilo ndilo lililonitoa kwangu jua kali namna hii.

Nimeyasikia yote. Ulikuwa unahojiwa kwenye kompyuta, watu wa Nairobi wanakutazama, mama yako akaingia na buibui lake la kutokea. Akainama mbele ya kioo, akawaamkia wale mawakili mmoja mmoja, kisha akasema, "Huyu mwanangu nawakabidhi. Akikosea mfunzeni, akiwashinda mnirudishie mimi." Wewe ukatamani ardhi ipasuke. Leo wamekujibu kwamba nafasi amepewa mwingine, na mama yako anaamini ni yeye aliyekukosesha. Sijui kama umemwambia hivyo kwa mdomo au umenyamaza tu mpaka akaelewa mwenyewe. Mimi naona ni mamoja.

Basi sikiliza maneno yale aliyatoa wapi.

Mimi mama yako mkubwa nilikuwa na umri kama huo wako. Vita vilikuwa vimetutoa kisiwani kwetu Ngumi vikatutupa Mombasa. Baba yetu, yaani babu yako Mzee Lali, alipoona mambo yametulia kidogo, akarudi huku Kismayo na mama yako, aliyekuwa bado mdogo. Mimi nikabaki kwa jamaa zetu, nikasoma sheria kwa msaada wa watu wema. Nilipomaliza nikaambiwa kusoma hakutoshi, lazima wakili akupokee ofisini kwake ujifunze kazi chini yake, la sivyo huwi wakili hata ulale na vitabu. Nikaandika maombi mpaka vidole vikaota sugu. Wengine hawakujibu. Wengine waliona nimezaliwa wapi, wakajibu upesi kwamba hapana. Ofisi moja tu ndiyo iliyoniita, na kwa furaha nikampigia simu baba.

Sikumwomba aje, alikuja mwenyewe.

Babu yako alikuwa fundi wa kukalafati mashua, kuziba nyufa zake kwa pamba na mafuta ili zisivuje. Kwa watu wake, kijana anayekwenda kujifunza kazi hajipeleki. Mzee wake ndiye humpeleka kwa fundi, au kwa nahodha, au kwa mwalimu wa chuo, akamkabidhi kwa mdomo wake, na mkononi akabeba chochote. Kuanzia hapo yule fundi ana dhamana, na mtoto anajua nyuma yake pana mtu. Babu yako mwenyewe alikabidhiwa hivyo na babake. Yeye naye aliwapeleka vijana wengi wa visiwa vya Ngumi na Darakasi, hata wasiokuwa wake, hasa wale mayatima. Hakuna aliyerudishwa. Alijivunia hilo kuliko mashua zote alizoziziba.

Kwa hiyo akapanda chombo mpaka Burgao, akavuka mpaka wa Kenya kwa njia anazozijua yeye, akamalizia kwa basi. Asubuhi ya mahojiano nikamkuta mlangoni kwa jamaa zetu amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya sikukuu, kikapu cha papa mkavu mkononi. Nikamwambia, "Baba, kule mtu huenda peke yake."

Akasema, "Kwetu mchu haendi peke yake." Mchu, kwa Kibajuni chake, wala hakujisumbua kusema mtu.

Nikacheka, tukaondoka pamoja. Usidhani nilimwonea haya, mwanangu. Nilitembea naye mjini nikijiona nimevaa dhahabu.

Wakili alikuwa mtu wa suti na sauti nzito. Nilipoitwa ndani, baba naye akainuka tukaingia sote. Akaweka kikapu chini, akamshika wakili mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno yale yale aliyoyasema mama yako juzi. Wakili akakitazama kikapu, akawatazama wenziwe, akasema, "Mzee, hii ni ofisi ya mawakili. Posa hatupokei." Wakacheka. Babu yako naye akacheka, kwa adabu, kama mgeni anavyocheka na wenyeji wake. Halafu nikaliona cheko lake linakatika. Akasema, "Samahanini, wanangu," akarudi kinyumenyume mpaka nje.

Mimi nikaulizwa maswali, nikajibu, na nilijibu vizuri. Wakaniambia watanipigia simu. Nilipotoka sikumwona baba pale kwenye viti. Nilimkuta kwenye ngazi. Kuna mtu alikuwa amekitoa kile kikapu akakiweka huko nje pamoja na ndoo na matambara ya kupigia deki, na babu yako amesimama kando yake kana kwamba anakilinda.

Akaniuliza, "Nimekuharibia?"

"Hukuharibu kitu, baba."

Akakitwaa kikapu chake, tukateremka. Barabarani akampa mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri, akamwambia apikie watoto wake.

Simu haikuja. Nikaenda mwenyewe kuuliza, nikaambiwa nafasi imeshajaa. Nilipompasha baba habari, alikuwa amesharudi Kismayo. Akasema, "Ni mimi." Nikakataa. Nikamwambia si yeye, nikarudia na kurudia, lakini na mimi nilikuwa sijui sababu ni nini, na aliisikia sauti yangu kwamba haina hakika. Mzazi humdanganyi kwa sauti.

Tangu hapo babu yako hakumkabidhi tena mtoto wa mtu. Akina mama walimjia na wana wao, naye akawaambia mkono wake una mkosi, watafute mwingine. Na mama yako alipopata nafasi ya kujifunza ukunga hospitalini hapa Kismayo, alivaa akakaa kizingitini kumngoja baba atoke na kanzu yake. Baba hakuvaa. Akamwambia, "Nenda peke yako, mwanangu, nisije nikakuharibia na wewe." Mama yako akaenda peke yake, analia njia nzima, akafika macho yamevimba, mabibi wa hospitali wakamuuliza amefiwa na nani.

Hajapata kukwambia hilo? Basi nimekwambia mimi. Siku ile ndipo alipojiapiza kwamba akijaaliwa mtoto, mtoto huyo hatakwenda popote kuomba kazi bila ya mtu nyuma yake. Sasa unajua alilolifuata mbele ya kioo chako.

Ngoja nimalize, hili lililobaki ndilo linaloniuma.

Mimi baadaye nilipokewa na wakili mwingine, mzee mpole, nikawa nambebea mafaili mahakamani. Siku moja nikakutana huko na karani wa ile ofisi ya kwanza, naye alikuwa ameshaacha kazi kule. Akanitambua. Akasema, "Wewe ndiwe uliyekuja na yule mzee wa papa. Mtusamehe. Nafasi ile ilikuwa na mwenyewe, mpwa wake wakili. Alikuwa ameshaanza kazi nyinyi hata hamjaitwa. Mliitwa ionekane tu kwamba watu wamehojiwa."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo si kwa ajili ya baba yangu?"

Akashangaa. "Baba yako? Mlipotoka hakuna hata aliyemtaja."

Nilikaa kwenye benchi la mahakama nikalia mpaka askari akaniletea maji. Babu yako alikuwa ameshazikwa, mwanangu. Habari moja tu ndiyo aliyoihitaji duniani, mimi nimeipata, na wa kumpa hayupo. Mama yako ndiye aliyemuuguza, na alikuwa ameniletea maneno yake ya mwisho juu yangu: "Mwambie dadako aniwie radhi." Watoto ndio wanaoomba radhi kwa wazazi wao. Yeye aliniomba mimi, kwa kosa ambalo hakulitenda, akafa nalo. Nimekuwa bibi sasa, nimerudi kuishi huku kwetu, nina ofisi yangu, nina wajukuu, na maneno hayo bado nayasikia.

Sasa nasaha yangu. Wewe umesoma sheria, Nuru. Umemhukumu mama yako kwa ushahidi gani? Hujui kwa nini wamekukataa. Pengine wana mpwa wao. Pengine aliyepata amekushinda, hilo nalo lipo, usijione. Waandikie uwaulize kwa adabu, wakijibu ujifunze, wasipojibu usiwangoje. Omba kwingine, omba Mogadishu, omba Mombasa, omba hata hapa mjini kwa mawakili unaowadharau kwa kuwa ofisi zao hazina kiyoyozi. Kabla ya kuhojiwa jua wale watu wanashughulika na kesi gani. Ulikozaliwa usikufiche. Na siku ya mahojiano mwite mama yako kabla hujawasha hiyo mashine, akushike kichwa, aseme yake yote, kisha ufunge mlango. Atakuelewa, si mtoto mdogo. Na utakapokuwa wewe ndiye mwenye ofisi, usimwite mtoto wa watu kuja kuomba nafasi ambayo umeshaigawa. Huwezi kujua ni nani aliyemsindikiza, wala atarudi kwao na nini.

Lakini hayo yote yanaweza kungoja mpaka kesho. La leo ni moja. Mimi baba yangu sikumuwahi. Wewe mama yako yuko hapo jikoni, na ule ungo siusikii tena, bila shaka anatusikiliza. Inuka ukamwambie si yeye. Umwambie mpaka aamini. Akikuomba radhi, usikubali aimalize hiyo sentensi, mshike mikono wewe umuombe.

Mola akufungulie mlango ambao nyuma yake wamo watu wa haki. Akupe ulimi wa kuwasemea wasiokuwa na wa kuwasemea, akutunze na kiburi cha vyeti. Amrehemu babu yako, amuweke mama yako mpaka akuone umevaa joho la wakili. Siku hiyo tutakwenda sote kukukabidhi, na kikapu cha papa nitakibeba mimi.