Mmarekani wa Mlango wa Jikoni

Kama wewe ni wa kutikisa kichwa na kusema "hizo ni porojo za wanawake wa jikoni," basi pita zako, tafuta kisa kingine. Haya yalinifika mimi mwenyewe, mchana, nikiwa mzima sina hata mafua, na mkononi nimeshika mwiko wa kuepulia maandazi. Nasema mchana, ingawa wanaoujua mji wa Birmingham mwezi wa Desemba watanielewa: saa kumi jioni giza limeshatanda, taa za barabarani zinawaka, na kuku wa kwetu wangekuwa wameshaingia bandani.

Kwetu ni Muheza, mkoa wa Tanga. Natanguliza hilo usije ukaniona mwoga. Mtoto wa Tanga hufundishwa habari za majini kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ukikutana na mgeni usiyemwelewa, mtazame miguu kwanza. Ukiona kwato, aga vizuri, ondoka.

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, simu zikiwa bado za kukunja, sisi watu wa Kiswahili tulikuwa na ukumbi wetu mtaa wa Saltley. Nasema wetu kwa kujipendekeza tu. Ulikuwa ukumbi wa mtaa, wa matofali mekundu, umebanwa katikati ya nyumba zilizoshikana kuta, nasi tuliazimwa kila Jumamosi. Alikuwepo Mama Furaha wa Uvira, aliyefika Uingereza kama mkimbizi na watoto wanne na sauti ya kuimbia kanisa zima. Alikuwepo Bwana Gurdev, Kalasinga wa Nakuru, mwenye kilemba cha buluu na Kiswahili cha karakana. Na wengine wengi. Siku nyingine zote mimi nilikuwa mama wa kufagia ofisi za watu wasiojua jina langu. Jumamosi nilikuwa mtu kamili, mwenye watani na mwenye mdomo. Nilipenda ukumbi ule kama mtu anavyopenda kwao, niamini.

Sasa paa la chumba kikubwa likaanza kuvuja. Kikabaki chumba kimoja tu cha Jumamosi, na wenye kukitaka vikundi viwili: sisi na wafuga njiwa wa mashindano. Wafuga njiwa walikuwa wazee wa Kiingereza, babu zao walifuga njiwa mtaani humo humo. Kamati ikasema: itafanywa siku ya historia ya mtaa, kila kikundi kitasimulia kisa chake, na mwenye mizizi hapa atajulikana kwa kura, apewe Jumamosi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi Maureen, bibi mwembamba mwenye funguo zote za ukumbi, amezining'iniza shingoni kwa kamba. Sikuwahi kumwona akicheka. Mama Furaha alisema pengine meno alishayarudisha kwa mwenyewe.

Sisi tungetoa wapi mizizi Saltley? Mimi nilikuwa na miaka mitatu tu hapo. Lakini watu wangu walinichagua mimi niseme, bila huruma.

"Mama, wewe ndiyo utasimama," Bwana Gurdev akaniambia. "Mdomo yako iko na nguvu. Wacha leo ifanye kazi."

Siku yenyewe ikafika, kisa sina. Nikajificha jikoni kwa kisingizio cha maandazi. Unga na iliki nilishanunua Alum Rock Road, mafuta yamechemka, na kwenye chumba cha pili namsikia mfuga njiwa akisimulia habari za njiwa aliyerudi kutoka vitani na bawa moja. Watu wakawa wanapiga makofi, wengine wanapenga kamasi. Nikasema moyoni, haya, Jumamosi imekwenda.

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipogongwa. Ngo, ngo, ngo.

Mlango ule ulikuwa na sifa mtaani. Waingereza walisema hugonga wenyewe nyakati za baridi, na Bi Maureen alishatangaza kwamba ni mabomba ya maji moto. Mwingereza akishasema ni mabomba, shauri limekwisha. Sisi kwa kelele zetu hatukuwahi kuusikia. Sasa niambie, wewe uliyelelewa kwa Kiswahili, mtu akibisha hodi na mikono yako iko kwenye unga, unasemaje? Unauliza nani? Thubutu! Mdomo unajibu kabla akili haijafika.

"Karibu!" nikaitikia, wala sikugeuka.

Mlango ukafunguka. Akaingia kijana mrefu, mweusi kama mimi, amevaa sare za kijeshi za zamani, kofia ameikunja chini ya mkanda wa begani. Sikushtuka. Tuliambiwa baadhi ya watu watakuja wamevaa nguo za kale kwa ajili ya sherehe. Hata hivyo mazoea hayana dawa: nikamtazama miguu. Viatu, tena vimepigwa rangi vikang'aa. Kilichonipita wakati ule ni kwamba nje mvua ilikuwa inamwagika, naye hakuwa na tone hata moja.

Nikamvutia kiti, nikammiminia chai, nikamwekea sahani ya maandazi. Kisha nikamuuliza kwa Kiingereza changu kile kile cha Muheza: habari za kwenu? Nyumbani hawajambo? Mama hajambo?

Yule kijana akanitazama kama mtu aliyepewa zawadi.

"Mama," akasema, na Kiingereza chake kilikuwa cha Kimarekani, cha kuvuta maneno polepole, "tangu nifike hapa wewe ndiye wa kwanza kuniuliza habari za kwetu."

Akaanza. Kumbe Marekani nako kuna Birmingham, jimbo la Alabama. Kijiji chake kilikuwa jirani na mji huo. Wakubwa wa jeshi walipowaambia wanapelekwa Birmingham, alikwenda kumuaga mama yake, na mama akasema, ah, Birmingham hapo tu, basi nitakuwekea chakula, utarudi jioni. "Nimechelewa kidogo," akasema, akacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Akaniambia kijiji chao kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya posta, kinyozi wa upande wa pili anamwombea afya. Saa ya mnara ilikufa, na fundi wake alitangulia. Basi kijiji kizima kiliishi kwa jogoo mmoja, wa mjane aitwaye Bibi Odessa. Akiwika, shule inafunguliwa, mwokaji anawasha tanuri, watu wanakimbilia treni. Siku moja akaja mchungaji mgeni, mhubiri mkubwa, na mgeni wa heshima lazima achinjiwe. Bibi Odessa hakuwa na kuku mwingine.

"Akamchinja?" nikauliza.

"Akamchinja. Na hapa, mama, ndipo ninapokatizwa siku zote. Nikifika kwa jogoo tu, lori linakuja."

Wakati huo huo Mama Furaha akachungulia mlango wa ukumbini. "Mama, kuya mbiyo! Banakuita! Ni zamu yetu!"

"Nakuja," nikasema.

Unaona mtihani huo? Huku wananiita, na kikundi kisichojitokeza kimeshindwa. Huku mgeni ameshika kikombe mkononi, hajamaliza maneno yake. Mama Furaha akarudi tena, sasa analia sauti ya chini, Kifaransa kikimponyoka: "Mama, vraiment, unataka batupokonye fasi yetu?" Kumbuka, alikuwa ananitazama mimi tu. Kile kiti hakukiangalia hata mara moja. Nilitamani kukimbia. Lakini mimi nimelelewa, na kwetu mgeni hakatizwi. Nikakaa, nikamwambia, malizia, kaka.

Akamaliza, haraka haraka, macho yanawaka. Nikacheka mpaka nikashika meza. Halafu nikavua aproni, nikamwambia mimi sasa sina budi kwenda, na kwa vile adabu ni mali, nikaongeza: "Karibu tena."

"Jumamosi," akasema.

Nikasimama mbele ya watu wale, unga mpaka kwenye nyusi, kichwani hamna kitu ila jogoo. Nifanyeje? Nikamsimulia jogoo. Nikaanza na kijana aliyeagwa na mama yake kwenda Birmingham ya jirani akajikuta Birmingham ya ng'ambo. Wazee wa njiwa wakacheka kidogo. Nikaendelea na chafya, na saa ya mnara, na Bibi Odessa. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, sasa hii ni historia ya Saltley kweli? Bwana Gurdev akamgeukia na kilemba chake chote, mtu yule akajikunyata kitini.

Nilipofika mahali pa kumchinja jogoo, Bi Maureen akasimama. Funguo zililia shingoni. Uso umemwisha damu, nikajua nimeharibu.

"Endelea," akasema. Sauti haikuwa ile ya kamati.

Nikaendelea. Asubuhi yake hakuna aliyeamka. Treni ilipita bila abiria, mkate haukuokwa, na Jumapili kanisa lilikuwa tupu, maana mchungaji mwenyewe alilala mpaka adhuhuri. Kijiji kikakaa baraza, kikaamua: aliyemla jogoo ndiye atakayefanya kazi ya jogoo. Basi mchungaji akawa anapanda paa la kanisa kila alfajiri kuwika, mpaka kifaranga kingine kilipokua.

"Na?" akauliza Bi Maureen. Alikuwa ameshika kiti.

"Na mpaka leo wanasema," nikamalizia, "kuwika aliwika vizuri kuliko alivyohubiri."

Kisha yule bibi akacheka. Wallahi nakwambia, alicheka kicheko cha msichana, akakaa chini, akacheka mpaka machozi, na alipofuta macho yaliendelea kutoka, tukajua kicheko kimeishia kwingine.

Akatueleza. Alikuwa na miaka kumi na saba wakati wa vita, anaosha vikombe jikoni pale pale, na askari wa Kimarekani walikuwa wakija ukumbini kunywa chai. Mmoja alibisha hodi mlango wa nyuma, akamsaidia kufuta vikombe, akawa anamsimulia habari za kwao. Alipofika kwa jogoo, lori likapiga honi. Akamwambia, mwisho wake nitakusimulia Jumamosi. Jumamosi ile hakuja, wala Jumamosi nyingine, na baadaye wakasikia lori lile lilikopelekwa hawakurudi wengi. Hakumwambia mtu kisa hicho maishani, hata mumewe.

Sasa nilisikia baridi ya kweli. Niliambiwa na nani, basi?

Kura haikupigwa. Bi Maureen alisema Jumamosi ni yetu, na kwamba watu wenye kujua mwisho wa hadithi ya nyumba ni wenyeji. Mzee wa njiwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi. Wao walipewa Alhamisi, na njiwa hawajui siku.

Tukaenda jikoni, mimi na Bi Maureen, Mama Furaha nyuma yetu. Kiti kipo. Chai imejaa kikombe vile vile, na juu yake utando mwembamba wa barafu, jiko likiwa linawaka. Mlango wa nyuma umepigiliwa misumari yenye kutu na rangi imepita juu ya ufa wote, haikupasuka mahali popote. Sahani ya mgeni haikupungua hata andazi moja. Mama Furaha akachukua moja, akauma, akakunja uso.

"Weye mama, juu ya nini haukutia sukari?"

Sukari nilitia, tena kwa mkono wa Tanga. Bi Maureen naye akauma, akatafuna taratibu, hakusema ladha ikoje. Aliniuliza jambo moja tu: mlango ulipogongwa, ulisema neno gani? Nikamfundisha.

Tangu siku ile Bi Maureen akawa mtu wetu wa Jumamosi. Alikaa kiti cha jikoni karibu na mlango wa nyuma, mabomba yakasahaulika. Ukigongwa tu, ngo ngo ngo, yeye ndiye aliyetangulia kuitikia, "Karibuu!" kwa lafudhi ya Birmingham ambayo ilimchekesha Bwana Gurdev mpaka kilemba kikapinda. Na kila Jumamosi sahani moja ya maandazi ilikuwa haina ladha, ngumu kumweleza mtu. Tukazoea. Sahani hiyo tulimpa Bwana Gurdev, aliyekuwa na kisukari.

Bi Maureen alitutoka baada ya miaka michache, usingizini, mzee wa kutosha. Tulimwimbia Kiswahili kanisani kwao, Mama Furaha mbele. Jumamosi iliyofuata nilikaa jikoni nimejiinamia, nikisema mlango huu sasa umenyamaza. Ukagongwa. Nikaitikia karibu. Halafu, kabla sijafuta macho, ukagongwa tena, kwa vidole vyepesi, vya mtu asiye na haja ya kuombwa mara mbili. Siku hiyo zilikosa sukari sahani mbili.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayekaa nchi za watu na bado unaitikia kwa mazoea. Mlango ukigongwa, uliza kwanza ni nani. Na kama neno limeshakuponyoka, usimkatize mgeni, hata waje kukuita mara ngapi, wala usimwambie "karibu tena" kwa kupamba mdomo tu. Wapo wanaoitikia kweli. Mimi siku hizi nikipika maandazi ya Jumamosi naongeza kikombe kizima cha sukari, na bado hakitoshi.